Walipobaki Bibi na Wajukuu

Katika vijiji vya Buhaya, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, mtoto kulelewa na bibi yake halikuwa jambo la kuulizia. Akishaachishwa ziwa, hasa mama akiwa na mimba nyingine, alifungiwa vinguo vyake akapelekwa kwa bibi. Huko alikuwa na kazi zake: kuteka maji, kuokota kuni, kufukuza kuku kwenye kahawa iliyoanikwa, na usiku kulala karibu na mzee asije akalala peke yake. Bibi naye alipata mtu wa kutuma na mtu wa kutania. Mjukuu wa kiume aliitwa "mume wangu" na kusimangwa kwamba mbona haleti nyama. Wa kike aliambiwa na babu kwamba mahari yake imeshalipwa, asihangaike kutafuta mchumba.

Utani huu si wa Wahaya peke yao. Upo Tanzania nzima na mbali zaidi, na mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliutolea maelezo katika makala iliyosomwa sana: wazazi ndio wenye kuamuru na kuadhibu, kwa hiyo kizazi kilicho juu yao kinabaki huru kucheka na watoto. Ukali ni wa baba na mama. Babu na bibi wana ruhusa ya kudekeza.

Ruhusa hiyo ilisimama juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyehitaji kulitaja, nalo ni kwamba wazazi walikuwepo. Walikuja na sukari, mafuta ya taa na kitenge. Mtoto akipata homa kali walipelekewa habari. Wakati wa shule ukifika, au nyumba ya bibi ikijaa, mtoto alirudi kwao. Bibi alikuwa mlezi wa zamu, na zamu ina mwisho.

Kagera ilikuwa mahali pa kwanza Tanzania ambapo zamu hiyo haikuisha.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera hadi daraja la Kyaka. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Vita vilipokwisha, mpaka uliachwa na njaa ya bidhaa pande zote mbili, na magendo yakashamiri kwa mitumbwi na kwa miguu. Kitambaa kimoja kutoka Uganda kilichopendwa na vijana wenye fedha kiliitwa Juliana. Ugonjwa mpya ulipoanza kuwakondesha na kuwaua wafanyabiashara hao na wapenzi wao, watu waliupa jina la kitambaa. Mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, katika eneo la Muleba, iliwatambua wagonjwa watatu wa ugonjwa huo, yaani UKIMWI, ambao ndio wa kwanza kuandikishwa nchini. Kufikia 1986 hakukuwa na mkoa wa Tanzania Bara usio na taarifa ya UKIMWI. Utafiti uliofanyika mkoani Kagera mwaka 1987 ulikuta watu wazima 24.2 kati ya kila 100 mjini Bukoba wana virusi.

Wagonjwa walikuwa wa umri wa kuzaa na kufanya kazi. Wengi waliishi Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, Nairobi, maana Mhaya wa karne ya 20 alikuwa msafiri. Walipozidiwa walirudi kwao, na kwao maana yake ni kwa mama. Waliletwa kwa basi au kwa meli, mara nyingine na mtoto mgongoni mwa dada, na kulazwa katika chumba kilekile walichokiacha wakienda kutafuta maisha. Bibi ndiye aliyefua shuka mara tatu kwa siku kwa sabuni ya kukopa, aliyekoroga uji uliotapikwa, aliyemgeuza mtu mzima ubavu hadi ubavu bila msaidizi. Glavu hazikuwepo, wala dawa, zaidi ya za kutuliza maumivu pale zilipopatikana.

Kazi hiyo iliacha alama inayopimika. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia zaidi ya kaya 800 za Kagera, wakirudi katika nyumba zilezile kila baada ya miezi kadhaa na kuwapima watu kwa mizani. Julia Dayton na Martha Ainsworth walipozichambua takwimu hizo waliona kwamba wazee walikonda katika miezi iliyotangulia kifo cha mtu mzima wa nyumbani, kisha mwili ukarudi taratibu baada ya msiba. Huenda hakuna takwimu inayoeleza uuguzi kwa uchache wa maneno kama hiyo. Lakini mizani hupima mwili tu, na mwili wa bibi ndio uliopona kwanza.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu huu ulikuwa na kufuli. Mwanaanthropolojia Josien de Klerk, aliyefanya utafiti wa muda mrefu miongoni mwa wazee wa Kagera na kuuchapisha mwaka 2011, aliandika kuhusu ukimya kati ya mama na mwanawe anayekufa. Mama alijua ni ugonjwa gani. Mgonjwa alijua kwamba mama anajua. Hawakulitaja. Waelimishaji wa afya walioingia vijijini na vipeperushi waliuita ukimya huo unyanyapaa au ujinga. De Klerk aliona ndani yake huruma: kutolitaja jina la ugonjwa kulimwachia mgonjwa heshima yake na matumaini ya kesho, na kulimwachia mama nguvu ya kuamka kupika. Anayefahamu jinsi Waswahili wanavyosema "jikaze" kwenye msiba atalielewa hilo bila maelezo marefu. Tatizo ni kwamba anayejikaza kwa ajili ya mgonjwa akimaliza kuzika anatakiwa kujikaza tena kwa ajili ya watoto wanaomwangalia usoni.

Hata matanga yaliyokuwa yanawapa watu nafasi ya kulia pamoja yalifupishwa. Zamani ndugu na majirani walikaa siku nyingi kwenye nyumba ya msiba, jembe likiwa limewekwa chini. Mazishi yalipoanza kufuatana wiki hadi wiki, migomba haikuweza kusubiri. Gabriel Rugalema, mtafiti mzaliwa wa Tanzania aliyetetea tasnifu yake The Hague mwaka 1999 kuhusu kijiji kimoja cha wilaya ya Bukoba, alionyesha jinsi vifo vya watu wazima vilivyokula nguvu kazi, ng'ombe na akiba ya kaya, hata mashamba yakabaki bila wa kuyapalilia. Bei ya kahawa nayo ilikuwa imeporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa zao hilo kuvunjika Julai 1989. Kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Mhaya na ambalo lilikuwa bima yake ya uzeeni, kikaanza kuingia magugu.

Hapo ndipo bibi alipobaki na wajukuu. Si mmoja wa kumtuma maji, bali wanne au sita, wa mabinti na wa wana wa kiume, wenye madaftari yanayohitajika Jumatatu.

Kuhusu kazi ya mabibi hawa yameandikwa mengi: jembe, kuni, maji, ada. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba walinyang'anywa ubibi wenyewe. Aliyekuwa na ruhusa ya kudekeza sasa alilazimika kushika fimbo, maana hakuna mwingine wa kuishika. Yule "mume wangu" wa utani sasa ni kijana wa miaka 14 anayerudi usiku, na bibi mwenye magoti mabovu ndiye wa kumuuliza alikuwa wapi. Mjukuu wa kike akivunja ungo, mambo ambayo kwa mila bibi angeyazungumza naye kwa mzaha na siri, tofauti kabisa na mama anayekemea, sasa yalitoka katika kinywa kilekile kinachokemea. Kwa mtazamo wa Radcliffe-Brown, kizazi cha kati kilipotoweka, cheo cha mzazi kilimwangukia bibi na utani ukakosa mahali pa kukaa. Kwa mtazamo wa watoto ilikuwa rahisi zaidi: walipoteza mama, kisha bibi wa kucheka naye akageuka mtu mwingine.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na swali la usiku: nikifa mimi, hawa watakwenda wapi? Mzazi kijana anaweza kulisukuma swali hilo mbele miaka 30. Bibi wa miaka 70 mwenye mjukuu wa miaka minne anapiga hesabu na haikubali. Watoto nao waliipiga. Mtoto aliyekwisha kuzika wawili anajua kikohozi cha bibi kinaweza kumaanisha nini.

Sheria haikumpunguzia wasiwasi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila ya upande wa baba na kuzifanya sheria ya mahakama, liliweka kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Yaani serikali iliweka uzee wa mwanamke mikononi mwa watoto wake, kwa maandishi. Miaka 20 baadaye watoto hao walianza kufa. Mjane aliyekuwa anaishi kwenye kibanja kwa kivuli cha wanawe alibaki anakitazama kivuli cha mjukuu, akiomba shemeji na wapwa wa ukoo wasimharakishe. Kama wajukuu ni wa binti yake, hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu watoto hao ni wa ukoo wa baba yao na hapo kwenye kibanja cha babu mzaa mama wanahesabika kuwa wageni.

Mwanamke mmoja mzee wa Muleba aliifikisha hoja hii Mahakama Kuu bila kukusudia. Holaria Pastory alikuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Agosti 1988, kwa kuwa alikuwa anazeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata mwana wa ndugu yake alikwenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kudai kwamba mauzo ni batili, maana kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilimkubalia. Kesi ikapanda hadi kwa Jaji Mwalusanya, Mwanza, ambaye Februari 1990 alitamka kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mwanamke ana uwezo wa kuuza sawa na mwanamume. Wanafunzi wa sheria huisoma hukumu hii kama kesi ya usawa wa jinsia, nayo ni hivyo kweli. Lakini ukiisoma tena kwa kuangalia kilichompeleka Holaria sokoni, ni kesi ya mzee anayejiuliza nani atampa maji.

Kashasha ina historia nyingine, na haiwezi kupitwa. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni hapo Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko, kikichanganyika na kilio, kikawashika wasichana 95 kati ya 159. Shule ilifungwa Machi, wasichana wakarudishwa kwao, na baadhi walikuwa wa Nshamba. Huko Nshamba watu 217 wakapatwa. Madaktari walikuja, wakachukua damu, wakapima vyakula, hawakuona sumu wala kijidudu, wakaandika katika jarida la kitabibu mwaka 1963 kwamba ni mtikisiko wa hisia. Vichekesho vingi vimetengenezwa duniani juu ya habari hii. Lakini inaonyesha kwamba vijiji hivi vilipata kupimwa moyo mapema sana, kwa idadi na tarehe. Msiba wa miaka ya 80 na 90 haukupata madaktari wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Misaada ilipofika, ilifika kwa yatima. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA jijini Dar es Salaam, likiwa miongoni mwa mashirika ya kwanza ya wananchi kuwashika mkono wagonjwa na familia zao. Kanisa la Kilutheri la Dayosisi ya Kaskazini Magharibi lilikuwa na Huyawa, yaani Huduma ya Watoto. Nshamba ikapata Humuliza, mradi wa miaka ya 90 uliojaribu jambo geni kwa wakati ule: kuwafundisha walimu kumsikiliza mtoto aliyefiwa, na kuwasaidia yatima kuunda umoja wao wenyewe, Vijana Simama Imara. Kazi nzuri zote hizo zilimtazama mtoto. Sare ni ya mtoto, daftari ni la mtoto, huzuni inayosikilizwa ni ya mtoto. Bibi aliweka dole gumba kwenye fomu penye neno "mlezi" akarudi nyumbani kutafuta chumvi.

Kulikuwa na sababu ya kumtazama mtoto, bila shaka. Watafiti walioendelea kuzifuatilia kaya zilezile za Kagera hadi mwaka 2004 waligundua kwamba aliyefiwa na mama akiwa mdogo alikua na upungufu wa karibu sentimita mbili za kimo na karibu mwaka mmoja wa shule, na upungufu huo haukufidiwa utu uzimani. Lakini mtoto huyo alikuwa analala kwenye nyumba ya nani?

Swali hilo ndilo lililozaa Kwa Wazee mwaka 2003, hapohapo Nshamba, kwa juhudi za Mswisi Kurt Madörin ambaye alikuwa pia nyuma ya Humuliza. Wazo lilikuwa jepesi kiasi cha kutia shaka: wape wazee fedha taslimu kila mwezi, na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea, bila kuwaambia wanunue nini. Kiasi chenyewe kilikuwa kama dola tano za Marekani kwa mzee. Wenye shaka walisema bibi wa kijijini asiyejua kusoma hawezi kupewa fedha mkononi. Apewe mbuzi au semina.

Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliolinganisha wazee waliokuwa wanapokea na wengine wa maeneo hayohayo ambao hawajaanza. Jina la ripoti lilitaja vitu ambavyo fedha zilikwenda kununua: chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Ni orodha inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Ndizi bila chumvi zinashibisha, lakini mtoto huzila akiwa amenuna, na bibi anajua anatazamwa. Bila sabuni, mjukuu anafukuzwa darasani kwa sare chafu, na bibi mwenyewe haendi kanisani, haendi msibani, hakai na wenzake. Kipande kimoja cha sabuni kilimrudisha mzee katika kundi la watu. Hata vibarua vilipungua. Wapo waliokuwa wakilima mashamba ya wengine ili walipwe mkungu wa ndizi, huku mjukuu akikosa shule kwa kuwasaidia.

Na safari hii walioulizwa maswali kuhusu moyo walikuwa wazee wenyewe. Waliopokea walionekana kuwa na wasiwasi pungufu na matumaini zaidi kuliko wenzao. Baadaye Kwa Wazee iliwakusanya katika vikundi vya majirani, ambamo wanaweka akiba, wanatembeleana wakiugua, na kuzungumza. Hakuna mtaalamu wa saikolojia hapo. Wapo mabibi kumi au kumi na watano wanaojua kila mmoja amezika wangapi, na hilo linatosha kufungua midomo ambayo mbele ya wajukuu ilikaa imefungwa.

Miaka hiyohiyo mengine yalikuwa yanabadilika. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali Oktoba 2004, na kwa mara ya kwanza mwana aliyerudi kwa mama akiwa amekonda aliweza kuinuka, kushika jembe na kulea watoto wake mwenyewe. Dunia nayo ilimwona bibi, kwa kuchelewa: tamko la Madrid la mwaka 2002 kuhusu uzee liliwataja wazee wanaowalea yatima wa UKIMWI, na Agosti 2006 mabibi 100 kutoka nchi za Afrika walikutana Toronto na wenzao 200 wa Kanada, kabla tu ya mkutano mkuu wa UKIMWI.

Wajukuu wa wimbi la kwanza sasa ni watu wazima wa miaka 35 au 40, wenye watoto wao. Wengine wamehamia Mwanza na Dar es Salaam, wanatuma fedha kwa simu, na likizo inapofika wanapeleka watoto kijijini, kama ilivyokuwa zamani. Lakini nyumba za bibi na wajukuu hazijaisha. Siku hizi zinajazwa zaidi na mabinti waliozaa wakiwa shuleni, na wazazi waliokwenda mjini wasiotuma chochote.

Kuhusu nani amlipe bibi, jibu limekwenda kwa hatua zisizolingana. Tanzania ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, mwaka uleule Kwa Wazee ilipoanza, lakini Tanzania Bara haijaanzisha pensheni kwa kila mzee. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inafuata umaskini wa kaya, si umri. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2023 ikapandisha hadi 50,000. Kenya ilifungulia wote wenye miaka 70 mwaka 2018 kupitia Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Miaka 70 ni umri unaoeleweka kwa mhasibu wa hazina. Ila wanawake wengi waliopokea wajukuu Muleba mwaka 1990 hawakuwa wazee sana, maana waliozaa wakiwa na miaka 17 walikuwa bado katika hamsini. Aliyepewa mtoto mchanga akiwa na miaka 52 angekuwa amemaliza kumlea, amemsomesha na kumwozesha, kabla hajafikia umri wa kupanga foleni ya shilingi ya kwanza.